Ziara ya Siku Moja Kutoka Muyinga Hadi Gitega: Namna ya Kuipanga Iwe Somo la Kiswahili

Makala haya yanawalenga walimu wa Kiswahili, pamoja na wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya ualimu upande wa Muyinga, ambao mara kwa mara hutuuliza jinsi ya kuandaa ziara ya kwenda Gitega na kurudi siku hiyohiyo. Wengi huanza kuuliza habari za basi: litapatikana wapi, litabeba watu wangapi, litagharimu kiasi gani. Maswali hayo ni ya lazima na tutayafikia. Hata hivyo tunaona kwamba swali la kwanza ni hili: siku hiyo atazungumza nani, na kwa lugha gani? Tumezoea kuona kundi la wanafunzi wa Kiswahili likifika mahali pa historia, mwenyeji akaeleza kwa Kirundi au Kifaransa, watu wakapiga picha, kisha kundi likarejea bila mtu kutamka sentensi kamili ya Kiswahili ila pale alipoagiza chakula. Ziara ya namna hiyo ni matembezi mazuri. Mwalimu wa Kiswahili hana sababu ya kuiombea ruhusa ya siku ya masomo.

Gitega ni mji wa aina gani

Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwanzoni mwa mwaka 2019, Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi. Lakini sifa yake ya kihistoria haikuanza mwaka huo. Mji umekaa juu ya vilima vya katikati ya nchi, jirani na makazi ya wafalme wa zamani, na Wajerumani walipotaka kuhamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, walijenga hapo mwaka 1912. Katika nyaraka za wakoloni utaukuta umeandikwa Kitega.

Msomaji aliyeona picha za miji ya vilimani ya Italia, kama Siena au Orvieto, huenda akatarajia kitu cha namna hiyo: ukuta, lango, vichochoro vya mawe na kanisa kuu juu kabisa. Katika miji hiyo kupanga ziara ni kazi nyepesi kwa upande mmoja: basi linabaki chini, watu wanapanda (Orvieto kuna gari la kamba linalowapandisha kutoka kituo cha treni), na kuanzia hapo kila kitu kinafikiwa kwa miguu. Gitega haiko hivyo. Wafalme wa Burundi hawakujenga kwa mawe. Makazi yao yalikuwa ya miti, matete na nyasi, yakizungushiwa ua, na mwami alikuwa na makazi kadhaa katika vilima mbalimbali, akihama kutoka moja hadi jingine. Kwa hiyo historia imetawanyika. Sehemu iko mjini, sehemu iko kilima cha pili, na sehemu kubwa imo vinywani mwa watu. Mpangaji wa ziara anapaswa kulijua hili mapema kwa sababu mbili: atahitaji gari kwa siku nzima, hata baada ya kufika, na atahitaji msemaji, kwa kuwa mahali pasipo na majengo ya kale pakikosa msemaji hapaonekani kitu.

Sehemu za kutembelea, na za kuacha

Ushauri wetu ni sehemu tatu, zisizidi: Makumbusho ya Taifa, Gishora, na mji wenyewe kwa maana ya Boma la Wajerumani na mtaa wa Waswahili. Kila mara tunapotoa ushauri huu hutokea mtu akauliza kama haiwezekani kuongeza maporomoko ya Karera au chanzo cha Nile kule Rutovu. Haiwezekani. Maeneo hayo yako kusini, na anayeyataka apange siku nyingine, aanzie Gitega kwenyewe. Hata Mugera, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1899 na yenye nafasi kubwa katika historia ya dini nchini, tunaiacha kwa shingo upande.

Makumbusho ya Taifa yalianzishwa mwaka 1955. Humo mna vyombo vya nyumbani, vikapu, vyungu, silaha, vifaa vya makazi ya kifalme, ala za muziki na picha za zamani. Si jengo kubwa. Kundi la watu thelathini likiingia pamoja, walio nyuma wataona migongo ya walio mbele, hivyo ligawanywe mara mbili. Wakati nusu moja iko ndani, nusu nyingine ikae nje na mwalimu ifanye zoezi la msamiati.

Zoezi hilo lina faida kuliko wengi wanavyodhani. Kirundi na Kiswahili ni ndugu, na ndugu hufanana mpaka wakapotosha watu. Ala ya nyuzi iitwayo inanga humfanya mwanafunzi wa Kiswahili afikirie chombo cha kusimamishia meli. Neno umuganga kwa Kirundi ni daktari wa hospitali, ilhali mganga kwa Kiswahili, akitajwa bila kufafanuliwa, humpeleka msikilizaji kwa mtu wa mizizi na ramli, ambaye kwa Kirundi ni umupfumu. Mwanafunzi atakayetafsiri kwa mazoea atamweleza mgeni kutoka Tanga kwamba mwanawe alipelekwa kwa mganga, na mgeni atastaajabu. Vilevile yapo maneno yasiyo na mwenzake kabisa. Umushingantahe, mtu wa heshima aliyetawazwa na jamii kuamua mashauri, tukimwita mzee wa baraza tunapunguza kitu, na tukimwita hakimu tunaongeza. Sisi hupendelea jina libaki kama lilivyo, kisha lielezwe kwa sentensi moja. Mjadala wa dakika kumi juu ya neno hilo mbele ya kabati la makumbusho una thamani ya vipindi viwili vya darasani.

Gishora

Kilima cha Gishora kiko kaskazini mwa mji, umbali wa kilomita saba hivi. Ndipo penye ngoma za kifalme, na ndipo tunaposhauri mtumie muda mrefu zaidi. Kwa mujibu wa simulizi za mahali hapo, Mwami Mwezi Gisabo alipaanzisha baada ya kumshinda mtemi muasi aliyeitwa Ntibirangwa. Huyu Mwezi Gisabo ndiye aliyetawala zaidi ya miaka hamsini katika nusu ya pili ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1908. Aliwazuia wafanyabiashara wa Ujiji waliokuwa chini ya Rumaliza wasiingie nchini mwake, na mwishowe alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda na Wajerumani mwaka 1903. Mwanafunzi anayeujua mkasa huo kabla ya kushuka kwenye basi ataelewa kwa nini katika kumbukumbu za Warundi watu wa Kiswahili walionekana kwanza kama watu wa upande mwingine. Tutalirudia jambo hili.

Gishora kuna nyumba za nyasi zilizojengwa kwa mtindo wa makazi ya kifalme, kuna ngoma takatifu, na kuna watimbo, yaani wapigaji, waliorithi kazi hiyo kwa ukoo. Ngoma hutengenezwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaoizungumzisha ngoma, na huwambwa kwa ngozi ya ng'ombe. Ngoma hupangwa nusu duara, kwa kawaida kumi na kitu, idadi yake isiyogawanyika kwa mbili. Katikati hukaa inkiranya, ambayo ndiyo kiongozi. Amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata maelekezo ya inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja akiruka na kucheza kwa zamu yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mwalimu wa lugha asiishie kwenye mdundo. Ngoma mbili takatifu za Gishora zinaitwa Ruciteme na Murimirwa. Ya kwanza hufasiriwa kuwa ni yule ambaye watu humfyekea msitu, na ya pili yule ambaye watu humlimia. Ziandikwe ubaoni siku moja kabla. Kurima kwa Kirundi ni kulima. Ongeza kauli ya kutendea na ya kutendwa, utapata -rimirwa, sawasawa na -limiwa yetu. Gutema ni ndugu wa kutema katika kutema kuni. Mwanafunzi aliyehangaika muhula mzima na minyambuliko ya vitenzi atakuta kauli hizo zimekaa katika jina la ngoma ya mfalme, na tunavyojua wanafunzi, hatazisahau. Kisha kuna neno lenyewe: ingoma kwa Kirundi ni ngoma, na pia ni ufalme au kipindi cha utawala. Kiswahili kimelipeleka neno upande wa mchezo na sherehe. Hata hivyo pwani nako utawala ulikuwa na sauti yake. Siwa za Lamu na Pate hazikupulizwa kwa burudani.

Wanafunzi waelezwe pia juu ya Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama, ambapo mwami aliifungua rasmi kazi ya kupanda kwa taifa zima na ngoma kuu, Karyenda, ilihusika. Sherehe ilikoma katika enzi ya Wabelgiji. Karyenda ilibaki katika bendera ya Burundi mpaka ufalme ulipoondolewa mwaka 1966.

Kuna jambo moja la Gishora ambalo waandaaji hulikwepa, nalo huharibu ziara likizuka ghafla. Agizo la rais la Oktoba 2017 liliweka masharti juu ya upigaji wa ngoma za kifalme: maonyesho nje ya shughuli rasmi yanahitaji kibali cha wizara husika, na wanawake hawaruhusiwi kuzipiga, ingawa wanaweza kucheza ngoma zao za asili sambamba na watimbo. Katika madarasa yetu wasichana ni wengi. Waambiwe kabla ya safari, kwa maneno ya wazi, kwamba wakialikwa kuingia uwanjani itakuwa kucheza na si kushika mirisho ya ngoma. Wapo watakaokasirika, na wana haki ya kuuliza. Sisi tunaona mada hiyo ni nzuri mno kwa mdahalo wa darasani baada ya safari, pande zote mbili zikiwa zimeandaliwa hoja. Kumbana nayo mzee wa Gishora mbele ya wageni hakumfundishi mtu chochote. Kuhusu kibali, mwalimu asijaribu kuwaalika watimbo kwa njia za pembeni. Azungumze na wasimamizi wa mahali hapo wiki kadhaa kabla, aeleze kuwa ni kundi la wanafunzi, akubaliane nao malipo, na apate kwa maandishi.

Mtaa wa Waswahili

Sasa tufike panaporukwa na karibu kila ziara. Wajerumani walitawala Afrika Mashariki yao kwa Kiswahili. Askari, makarani, wakalimani na wachuuzi waliokuja Gitega pamoja na Boma walikuja na lugha hiyo, na wengi wao walikuwa Waislamu. Boma lingali limesimama. Kutegemea siku na ruhusa, huenda mkaishia kulitazama kwa nje, na hiyo yatosha, kwa kuwa lenye maana ni kusimama hapo na kusema kwa Kiswahili: hapa ndipo lugha hii ilipofanyiwa kazi ya serikali kabla ya mwaka 1916, walipoingia Wabelgiji.

Baada ya hapo Kiswahili kilipoteza kiti chake. Wamisionari wengi walikiona kuwa lugha ya Uislamu na ya mjini, na shule zikaendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa. Waswahili wakabaki katika mitaa yao, Buyenzi ya Bujumbura ikiwa ndiyo mashuhuri kuliko yote, na jina Umuswahili likapata maana mbaya: mjanja, mwongo, mtu asiye na shamba. Maana hiyo haijafa. Mwanafunzi wetu kutoka Muyinga, ambako Waislamu ni wengi na mpaka wa Kobero uko karibu, huenda amekulia katika nyumba inayozungumza Kiswahili, kisha alipofika shuleni akajifunza kukificha. Tumewahi kusomesha vijana wanaoandika insha safi za Kiswahili huku wakikana kwamba mama zao wanakizungumza nyumbani.

Kwa ajili ya vijana hao tunasisitiza saa moja katika mtaa wa Waswahili wa Gitega, hata kama itabidi kupunguza muda wa makumbusho. Saa hiyo haihitaji maonyesho yoyote. Mwalimu apite mapema kwa imamu au wazee wa mtaa, aombe watu wazima watatu au wanne waliozaliwa hapo, waume kwa wake, wakubali kuulizwa maswali. Wanafunzi waulize kwa Kiswahili: babu zenu walitoka wapi, walifanya kazi gani, nyumbani mnasema lugha gani na watoto, sokoni mnasema ipi. Watakuta Kiswahili kisichofanana sana na cha kitabu. Kina maneno ya Kirundi, kina ya Kongo, kina ya Kifaransa. Mwanafunzi asisahihishe mtu. Aandike alivyosikia. Siku hiyo kijana wa Muyinga ndiye atakayeelewa haraka kuliko wenziwe, na mwalimu mwenye akili atampa yeye kazi ya kuwatafsiria wengine.

Mwongozaji awe nani

Ukweli ni kwamba wasimamizi wa maeneo haya wana ujuzi wa Kirundi na Kifaransa kuliko Kiswahili, na si adabu kumlazimisha mzee asimulie habari za mwami kwa lugha asiyoimiliki. Njia tunayoipendekeza ni wanafunzi wenyewe wawe waongozaji. Kila sehemu ipewe wanafunzi wawili, wiki tatu kabla. Mmoja anamsikiliza mwenyeji kwa Kirundi na kusema kwa Kiswahili. Wa pili anaandika maneno yaliyomshinda mwenzake. Kwa kuwa wote wanaelewa Kirundi, watasikia papo hapo tafsiri ilipopunguza au kuongeza, na ubishi utazuka. Mwalimu auache uendelee kidogo.

Jambo la kuzingatia ni muda. Maelezo ya dakika ishirini yakitafsiriwa huwa arobaini. Waandaaji wasiopiga hesabu hii hujikuta wanamkatiza mzee katikati ya simulizi, na hilo ni kosa la adabu kabla ya kuwa kosa la ratiba. Mwenyeji aombwe mapema asimame kila baada ya sentensi tatu au nne.

Kazi hii ina manufaa nje ya darasa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika miaka hiyohiyo Kiswahili kikaanza kufundishwa katika shule za msingi. Mgeni kutoka Mwanza au Goma akija Gitega, lugha anayoitafuta ni Kiswahili. Kijana anayeweza kumweleza inkiranya na umushingantahe bila kugugumia ana kitu cha kuuza.

Barabara, na yale yaliyo pembeni yake

Kutoka Muyinga njia hupita Karusi na kuvuka mto Ruvubu kabla ya kufika Gitega. Kwa mstari ulionyooka miji hii miwili imetengana kwa takriban kilomita 80, lakini barabara inazunguka vilima, kwa hiyo kwa basi dogo mtenge saa mbili na nusu hadi tatu.

Upande huo wa Ruvubu, mapema mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja na kutangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000, wahanga wa mauaji ya mwaka 1972. Gitega yenyewe ndipo alipouawa Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho, tarehe 29 Aprili mwaka huohuo. Anayetoka Bujumbura naye hupita Kibimba, ambako wanafunzi walichomwa moto Oktoba 1993. Katika basi lenye vijana thelathini kuna watoto na wajukuu wa watu waliopotea katika miaka hiyo, wa pande zote, na mwalimu hajui ni akina nani. Wapo wanaoshauri kunyamaza. Sisi hatukubaliani nao, maana kunyamaza ukivuka daraja hilo kila mtu hukusikia. Ila neno lisemwe na mwalimu, si mwanafunzi, liwe fupi, litaje mwaka na mahali, lisigeuzwe tafsiri wala zoezi, na lisemwe asubuhi mkiwa njiani kwenda. Anayetaka kukaa kimya aachwe akae kimya.

Siku, saa, mafuta na fedha

Jumamosi haifai: asubuhi yake ni ya kazi za pamoja za jamii na magari huzuiwa barabarani. Ijumaa ina sala ya adhuhuri, na kwa kundi la Muyinga hilo si dogo. Jumatano au Alhamisi ni bora. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, kiangazi. Mvua ikinyesha Gishora, uwanja hauchezeki. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, inaangukia humo na ni kisingizio kizuri cha kuombea ruhusa. Tarehe 1 Julai ni Siku ya Uhuru, msipange karibu nayo, kwani watimbo huhitajika kwingine.

Ratiba tunayoiona inafaa ni hii. Kuondoka Muyinga saa kumi na mbili asubuhi. Makumbusho saa tatu hadi nne na nusu. Gishora saa tano hadi saba kasorobo. Kurudi mjini kwa chakula na sala. Boma na mtaa kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu. Kisha basi liondoke, hata kama kuna mtu hajamaliza kununua vikapu. Jua huzama kama saa kumi na mbili, na si busara kuwa mbali na nyumbani giza likiingia. Katika barua andikeni saa kwa namna zote mbili. Saa tatu ya Kiswahili, ambayo Warundi nao huihesabu hivyohivyo, ndiyo saa 9 ya barua ya Kifaransa. Mkiwa na wageni kutoka Ngara wakumbusheni kwamba saa ya Tanzania iko mbele kwa saa moja, wasije wakafika Kobero wakalaumu watu.

Mafuta ya gari yanahitaji aya yake. Tangu mwaka 2021 uhaba wa petroli na dizeli umekuwa ukijirudia nchini, na mwaka 2024 na 2025 uliwakwamisha wengi. Msikubali ahadi ya mwenye gari kwamba mafuta yatapatikana njiani. Mkataba useme kwamba gari litafika alfajiri likiwa na mafuta ya kwenda, ya kuzunguka hadi Gishora na ya kurudi, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya kurejea.

Fedha zipigiwe hesabu kwa waliolipa, si kwa waliojiandikisha. Tuseme wamejiandikisha 40 na basi lina viti 29. Kawaida wiki ya mwisho walipaji huwa 24 au 25, na gharama ya gari haipungui kwa sababu viti viko wazi. Gaweni jumla ya gharama kwa 24, ongezeni kidogo kwa dharura, na tangazeni kiwango hicho tangu mwanzo. Wapo wanafunzi wasioweza kulipa, na mara nyingi ndio tuliowataja hapo juu, wenye Kiswahili cha nyumbani. Tunashauri viti viwili vya mwisho vigharamiwe na michango ya walimu, bila kutaja majina darasani. Chakula kisiwe tatizo: wali, maharage, sombe na mishikaki hupatikana mjini, na mkila katika mtaa wa Waswahili swali la nyama halali halitazuka. Gishora mkikaribishwa pombe ya mtama au ya ndizi, asiyekunywa apokee kwa mikono miwili, ashukuru, ampe jirani yake.

Barua zitumwe mapema kwa makumbusho, kwa wasimamizi wa Gishora na kwa uongozi wa komine. Hapa kuna mtego: tangu mwaka 2025 mikoa 18 imepunguzwa kuwa 5 na komine zikaunganishwa kutoka 119 hadi 42, kwa hiyo Muyinga haina tena gavana wake, na barua iliyonakiliwa kutoka faili la zamani itakwenda kwa ofisi isiyokuwepo.

Baada ya kurudi

Kila jozi ya waongozaji iandike kurasa mbili za Kiswahili juu ya sehemu yake, ikiambatisha orodha ya maneno yaliyowashinda. Ipewe wiki moja tu, kwani baada ya hapo watu huanza kunakiliana. Kazi zikishasahihishwa, nakala moja ibaki idarani, moja ipelekwe Gitega kwa makumbusho, na moja kwa wazee wa mtaa waliokubali kuulizwa. Hii ya tatu apelekewe mtu mkononi, naye awasomee kwa sauti, kwa kuwa baadhi ya wazee hao hawasomi, na watataka kujua wamenukuliwaje.